Riwaya gani nimsomee mama kwa sauti? Naomba ushauri wa wasomaji wa Tanga

Binti wa Chumbageni (mleta mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo. Naandika kutoka Chumbageni, Tanga mjini. Mama yangu amekuwa msomaji tangu usichana wake kule Pangani, lakini tangu mwaka jana macho yamepungua nguvu, na sasa anasema herufi za kitabu anaziona kama sisimizi waliomwagiwa maji. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya Isha tunakaa barazani, yeye kwenye kiti chake cha kamba, mimi kwenye mkeka, nami humsomea kwa muda wa saa moja hivi. Umeme ukikatika nasoma kwa tochi ya simu. Siku hizi majirani wawili watatu nao huja na birika lao la kahawa, na watoto hukaa ngazini wakijifanya wanacheza.

Shida yangu ni kwamba kitabu nilichokipenda nilipokisoma kimya, kikipita mdomoni huwa kitabu kingine kabisa. Kipo kinachonikata pumzi, kipo kinachomlaza mama usingizi kabla ya ukurasa wa pili, na kipo ambacho nikikisoma barazani mbele ya watu natamani ardhi ipasuke. Tulianza na Kuli ya Adam Shafi, na hiyo ilipita kama maji. Marehemu baba alikuwa akipakua matishari katika bandari yetu hii, kwa hiyo nilipofika mahali ambapo Majaliwa, babake Rashidi, anafia kazini, mama aliniambia nisimame. Tulikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Endelea, tusimwache huyu mtoto peke yake." Tukaendelea hadi mgomo wa mwaka 1948 kule Unguja, na usiku huo watu walirudi makwao saa tano.

Baada ya hapo nikachukua Kusadikika ya Shaaban Robert, nikidhani kwamba kwa watu wa Tanga hakuna chaguo la heshima zaidi. Jioni ya tatu mama alikuwa anakoroma. Naomba mnielekeze: riwaya gani inasomeka kwa sauti, mbele ya mtu mzima, majirani na watoto?

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Marahaba, binti yangu. Umeniumiza kidogo kwa habari ya Kusadikika, lakini sikulaumu. Kosa si la kitabu wala si la mama, kosa ni la kipimo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, akazikwa huko huko Machui mwaka 1962, na kabla hajawa mwandishi wa riwaya alikuwa mshairi. Sentensi zake zina mizani, jambo husemwa, likageuzwa, likasemwa kwa upande wake wa pili. Msomaji anayekimbilia tukio huona mwandishi anajirudia, lakini msikilizaji akipewa kidogo kidogo huonja kila tonge. Ukimsomea mtu kurasa thelathini za namna hiyo kwa mkupuo mmoja, ni sawa na kumlisha halua sahani nzima. Atalala tu.

Fanya hivi. Kusadikika ni kesi ya Karama mbele ya mfalme wa nchi inayoelea angani, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Soma mjumbe mmoja kwa jioni moja. Ukimaliza, funga kitabu, waache watu wabishane kuhusu Waziri Majivuno na namna anavyoshitaki. Kumbuka pia kwamba kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, mwandishi akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kwa hiyo mambo mengi ilimbidi ayavishe kanzu na kilemba ndipo yatoke nje. Waeleze majirani habari hiyo kabla hujaanza, usiku wa pili watakuja mapema.

Kama mama anapenda taarabu, na sijapata kumwona mama wa Pangani asiyeipenda, msomee pia Wasifu wa Siti binti Saad. Si riwaya, mnisamehe kwa kutoka nje ya mada kwa hatua moja, lakini ni masimulizi ya mwanamke aliyetoka Fumba na chombo chake cha udongo cha kuuza, akaishia kurekodi nyimbo Bombay mwaka 1928. Mji uliotuletea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hauwezi kuchoshwa na kitabu hicho.

Kijana wa Raskazone

Dada yangu, kwa heshima zote kwa Mwalimu, mimi nakushauri uachane kwanza na vitabu vya darasani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliisoma kidato cha sita kwa ajili ya mtihani, au niseme kweli, niliikariri bila kuisoma. Nilijua dhamira, muundo, mtindo na matumizi ya lugha, nikamjua Yasmin kama mhusika mkuu na Denge kama mwanamapinduzi, lakini hata siku moja sikujiuliza kama nampenda Yasmin au simpendi. Nimeirudia mwaka huu bila kalamu mkononi, nikashangaa kwamba ni hadithi ya binti mdogo aliyeozwa mtu mwenye umri wa babake, akachoka.

Kwa baraza lenye watoto na majirani, pendekezo langu ni Elvis Musiba, hasa Kufa na Kupona. Sura ni fupi, kila sura inakuacha ukining'inia, na mpelelezi wake, Willy Gamba, hana muda wa kuhubiri. Ukimaliza hapo, mchukue Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Hutamwona mtu akisinzia.

Msusi wa Makorora

Kijana, hao nimewajaribu kwa bibi yangu na matokeo yake sikuyatarajia. Alisikiliza kwa adabu siku mbili, siku ya tatu akaniuliza, "Huyu bwana risasi zote hizi zinampita, amechanjiwa wapi?" Tangu hapo kila bunduki ilipolia yeye alicheka, nami nikashindwa kuendelea. Nadhani mtu aliyezoea ngano hukubali sungura aongee, lakini mtu mzima wa mjini anayeruka dirishani usiku kucha bila kuchafua suti humtilia shaka.

Mimi nashauri Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Saluni kwangu tuliisoma kwa zamu, wateja wakiwa wamekaa chini wanasukwa, na hakuna riwaya iliyowahi kuwagombanisha watu kama hiyo. Kwa upande mmoja wapo wanaomhurumia Maimuna, binti aliyefungiwa ndani mpaka akatoroka, na kwa upande wa pili wapo wanaosema alijitakia. Lakini kuhusu babake, Bwana Maksuudi, hapakuwa na ubishi, wote walimlaani kwa sauti moja, na mama mmoja alitingisha kichwa kwa hasira mpaka nywele zikaniponyoka. Mazungumzo yake yanasomeka vizuri kwa sababu kila mtu ana ulimi wake. Bi Farashuu akifungua mdomo, huhitaji kuambiwa kwamba ndiye anayesema.

Tahadhari yangu ni hii tu: kuna mahali pa baa na pa maisha ya Maimuna mjini ambapo itabidi uwatume watoto dukani.

Mkwe wa Kikerewe

Nimeoa Tanga na sasa ni mwaka wa kumi na moja nakula mihogo ya nazi, kwa hiyo najihesabu mwenyeji. Naona majina yote yaliyotajwa hapa ni ya pwani na mjini. Ruhusuni mgeni aweke chake mezani.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo, na hatimaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina lake ni refu kama safari yenyewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kisa ni cha mume na mke wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kumkomboa kwa maneno mazuri, subira na pombe ya kutosha.

Mke wangu, ambaye ni Mdigo, aliponisikia nikiisoma kwa sauti aliguna kwamba haina haraka. Ni kweli, haina. Mgeni akifika, kwanza anasalimiwa, kisha anakaribishwa, kisha anaulizwa habari za nyumbani, na wewe msomaji unangoja mlangoni pamoja naye. Lakini hebu fikiria: kwa mtu mzima anayesikiliza usiku barazani, mwendo huo ndio mwendo wenyewe. Namna ya kutengeneza pombe ya ndizi, namna ya kuomba radhi ukweni, dawa za kupata uzazi, yote yamo, kila moja kwa hatua zake. Mke wangu alianza kuniuliza jioni, "Wamekwishapatana?" Sikumjibu, nilimwambia aje kusikiliza. Kitabu ni kinene, kitawatosha msimu mzima wa mvua.

Binti wa Chumbageni (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo tena, na nyote nawashukuru. Narudi na taarifa baada ya wiki tatu.

Kusadikika tuliianza upya kwa mpango wa Mwalimu wa mjumbe mmoja kwa jioni, na safari hii mama hakulala. Siri niliyoigundua ni kwamba nilikuwa naisoma kwa kasi ya habari ya redioni. Nilipopunguza mwendo na kushusha sauti kwenye kila kituo, zile sentensi ndefu zilianza kukaa zenyewe mahali pake. Jioni ya nne jirani mmoja alisema kwamba Waziri Majivuno anamfahamu, wamewahi kukaa naye ofisi moja, akataja na cheo chake. Tulicheka sana, na jina nimelihifadhi.

Siwezi kusema kwamba mama ameipenda kwa moyo wote. Alisema, "Huyu ananiambia mtu ni mwema, haningoji nimwone mwenyewe." Nimelitafakari neno hilo, naona ana haki. Majina ya watu wa Shaaban Robert yanatangulia kukuhukumia: Majivuno hawezi kuwa mnyenyekevu hata akitaka. Rashidi wa Kuli hakuambiwa na jina lake awe nani, anaanza bila kujua kusoma, tunamwona akibadilika siku hadi siku kwa sababu ya kazi, dhiki na masomo ya usiku. Sisemi kwamba moja ni bora kuliko nyingine, nasema sikio la mama limechagua.

Kisha tukaingia kwenye Vuta N'kuvute, na hapo ndipo nilipoaibika. Tulikuwa wawili tu usiku ule. Nilipofika mahali ambapo Yasmin na Denge wako peke yao, niliona mistari inanijia, nikageuza ukurasa haraka na kuendelea mbele kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama akasema, "Umeruka. Rudi." Nikamwambia pana mambo ya vijana, hayana maana. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimezaa saba." Nikarudi, nikasoma huku uso wangu nimeuficha nyuma ya jalada, na nilipomaliza alisema tu kwamba yule binti alikuwa na haki ya kufurahi baada ya yaliyompata kwa mumewe, Bwana Raza. Kwa hiyo, Msusi, nashukuru kwa tahadhari kuhusu watoto, lakini kuhusu wazee nadhani tunajidanganya.

Mpanda Baiskeli wa Ngamiani

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo bila kuchangia. Naomba niulize kwa nini hakuna aliyemtaja Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Najua jibu: aliandika kwa Kiingereza, na wengi wetu tulimsikia siku aliposhinda. Lakini riwaya yake ya mwaka 1994 ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Ni kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayeambiwa kwamba anakwenda kukaa na mjomba wake Aziz, tajiri wa misafara. Baadaye anakuja kuelewa kwamba Aziz si mjomba wala si ndugu, na kwamba yeye ametolewa na babake kwa sababu ya deni. Sisi tuliokulia kwenye pwani hii tunalo neno la jambo hilo tangu zamani, rehani, lakini tumelizoea kwa mashamba na dhahabu. Kuliona limewekwa juu ya mtoto kulinifanya nisimame na baiskeli yangu chini ya mwembe, nikasoma mpaka nikachelewa kazini. Msafara wenyewe unapokwenda bara na wapagazi wake, wapiga ngoma wake na hongo zake kwa watemi, ni ulimwengu ambao Pangani na Bagamoyo ziliishi kwa ajili yake, halafu pembeni Wajerumani wanaingia polepole, kwanza kama uvumi, kisha kama askari.

Jambo moja la kuzingatia kwa anayeisoma kwa sauti: maongezi ya wafanyabiashara yana utani mkali na matusi ya kistaarabu, ambayo yanahitaji msomaji asiyeona haya. Kwa kuwa mleta mada amekwishavuka daraja hilo, sioni kizuizi.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Bwana wa Baiskeli, nimeisoma, na nakubaliana nawe isipokuwa kwa jambo moja. Tafsiri ni nzuri, na kuna kurasa ambazo nilihisi maneno yamerudi kwao baada ya kukaa ugenini. Lakini kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo kina pumzi ya Kiswahili hata kwenye ukimya wake, na hilo halifasiriki. Chukueni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Rehema anakataliwa na baba tajiri kwa sababu ya rangi yake, na maisha anayoyajenga baadaye shambani na Sulubu yameandikwa kwa Kiswahili ambacho ukikisoma kwa sauti, mdomo unapata ladha. Naona ajabu kwamba inatajwa mara chache hivi.

Binti yangu, mwambie mama kwamba maneno yake kuhusu Shaaban Robert nimeyasikia, na sijafurahi, ila sijapata jibu bado. Mwulize kama ameisoma Utubora Mkulima, riwaya yake nyingine.

Kijana wa Raskazone

Nami naomba radhi kwa Willy Gamba. Lakini msiwafukuze wapelelezi wote mlangoni. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hapigi risasi, anavuta kiko na kufikiri. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na ndani yake yumo rafikiye Najum, ambaye kila mara anaelewa nusu ya kile anachokiona, kama sisi. Hiyo bibi yake Msusi hawezi kuicheka.

Binti wa Chumbageni (mleta mada)

Kijana, umesema kweli, na kwa sababu yako nimepata matatizo.

Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale niliinunua kwa muuzaji wa vitabu chakavu, jalada limeungwa kwa gundi na limevishwa karatasi ya kaki, nikaona nimepata bahati. Tukasoma jioni nne kwa raha isiyo na kifani. Mama, ambaye kwenye Kusadikika alikuwa hakimu, hapa aligeuka kachero. Alinisimamisha kila baada ya ukurasa kuniuliza nani alikuwa wapi saa ngapi, na majirani wakagawanyika makundi mawili kuhusu mwuaji. Jioni ya tano nikageuza ukurasa, sentensi ikakatika katikati, na ukurasa uliofuata ulikuwa mbele kwa kurasa kumi na sita. Kijitabu kizima kimoja kilichomoka kwenye mshono, na aliyeunga kwa gundi hakuhesabu.

Nilitaka kuahirisha mpaka nipate nakala nyingine. Mama akakataa. Alisema nimpe muda wa kikombe kimoja cha kahawa, akafikiri, kisha akajaza kurasa zile kumi na sita kwa mdomo: nani alikwenda kwa nani, nani aliongopa, kwa nini fulani alionekana baadaye akiwa na wasiwasi. Alisimulia kwa karibu nusu saa, na hata akamwigiza Bwana Msa akigonga majivu ya kiko. Nikaendelea na ukurasa uliobaki, na mambo mengi yakaungana na maneno yake kana kwamba alikuwa amekisoma. Mengine mawili matatu hayakuungana, naye alisema hapo mwandishi amekosea.

Sasa nimeazimwa nakala kamili na jirani wa mjomba wangu, ninayo mkononi ninapoandika. Nilidhani mama atafurahi nimsomee kurasa zilizokosekana. Badala yake ameweka sharti: Ijumaa baada ya Isha, watu wote waliokuwapo waje tena, yeye asimulie kwanza kurasa zake kumi na sita tangu mwanzo, ndipo mimi nisome za mwandishi, kisha baraza liamue zipi zibaki kitabuni. Mwalimu, ukipata usafiri wa kutoka Pangani mchana, una nafasi kwenye mkeka, na Utubora Mkulima uje nayo. Mkwe wa Kikerewe, njoo na mkeo. Msusi na Kijana, nyinyi ni wa hapa hapa, hamna udhuru. Bwana wa Baiskeli, Peponi tutaianza Jumamosi, nami naomba sehemu ya wapiga ngoma usome wewe.